Msishuke, Bado Sehemu ya Nne

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, umevua viatu na umekwisha meza dawa yako ya presha, maana najua hufungui bahasha bila kwanza kuipima uzito mkononi kama imebeba habari mbaya. Haikubeba. Huku sote hatujambo. Kaka yangu bado anatafuta gari, na kila analoletewa analiona lina kelele. Mama anakusalimu.

Mimi bado niko stesheni, kwenye kile kibanda cha kioo juu ya jukwaa la pili, na kipaza sauti changu chenye sponji iliyoliwa na miaka. Natangaza treni zinazokuja, na zaidi natangaza zisizokuja. Sasa sikiliza kilichonipata. Juzi meneja wa ukumbi wa jiji alipanda ngazi akagonga kioo. Nikadhani kapoteza mzigo, kumbe ananitafuta mimi.

Unajua kwamba kila mwaka okestra ya ukumbi hupiga onesho moja la Jumapili mchana kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuusikia muziki huo: manesi, mafundi, walimu wa chekechea, yeyote. Mwaka jana walipiga ile simfonia kubwa inayoanza na basuni, lile zumari refu la sauti nzito, peke yake gizani, ile ambayo wewe umeipuliza mpaka ukaiota. Sehemu ya tatu ilipokwisha kwa kishindo, ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi, na wengi wakachukua mikoba wakaelekea mlangoni wakidhani kwisha kazi. Kiongozi wa okestra, ambaye wote wanamwita Bwana Fimbo, akageuka akawaambia wakae chini, kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Wakakaa. Sehemu ya nne ikapigwa watu wameinamisha vichwa kwa aibu, na hakuna aliyeisikia.

Mwaka huu simfonia ni ile ile, na Bwana Fimbo ameapa kwamba likitokea tena, yeye na watu wa kawaida basi. Kwa hiyo wanataka mtu asimame kabla ya muziki awajulishe watu simfonia hiyo. Meneja anasema sauti yangu mji mzima unaijua na kuitii. Ulimi wangu ukawahi kabla ya akili, nikakubali. Tangu hapo silali vizuri. Jukwaani hakuna kioo, Mjomba. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza muziki nikiwa nimekaa kwenye sanduku la basuni. Niambie niwaambie nini.

Mpwa wako,
Chiriku

16 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilitafuta ugonjwa, ya pili nikatafuta ajali, ya tatu ndipo nikaisoma. Mimi ni mzima, ila bomba la jikoni linavuja na fundi anasema si kitu, na fundi akisema si kitu mimi ndipo ninapoogopa. Jirani yangu anakusalimu ingawa hakujui.

Hongera, na pole. Nilivyoogopa kwa niaba yako ilibidi nitoke nizunguke nyumba. Lakini tuseme ukweli, kazi hiyo inakufaa. Hukuitwa Chiriku bure.

Sikia ushauri wa mpuliza basuni mstaafu. Usiwatajie miaka, usiwatajie majina ya noti. Waambie watasikia nini na wafanye nini watakaposikia. Mwanzo ni chini sana, mtu anaweza kudhani ni bomba la maji ukutani. Wakati ule nilikuwa nakaa na utete wa basuni mdomoni, nikiomba tu sauti itoke bila kukwaruza, kwa sababu sauti ya pili hakuna, ni wewe na giza. Halafu unakuja wimbo mtamu wa fidla ambao watu watadhani wanaujua tangu utotoni. Halafu ukimya. Halafu utawaona wanaruka vitini. Hapo wape methali: kimya kingi kina mshindo mkuu. Watacheka, na watakapokumbuka watakuwa wamejiandaa.

Niletee rasimu yako. Na jambo dogo. Kila barua itokayo nyumbani kwenu, Dada huandika mstari mmoja chini kunisimanga. Safari hii hakuna. Ameishiwa na matusi? Mwambie nayangoja.

Usinipigie simu kunijibu. Unajua simu ikilia mimi huona jeneza. Andika.

Mjomba wako,
Roho Juu

2 Machi

Mjomba mpendwa,

Natumaini bomba limepona. Huku mvua imeingia kwenye kibanda changu kupitia tundu la nyaya, na nimeweka kopo. Abiria wanadhani ile tone, tone, ni saa mpya ya stesheni. Kaka amenunua gari hatimaye. Lina kelele.

Mama anakusalimu na anasema matusi anakuwekea akiba.

Nimekwenda ukumbini kuwasikiliza wakifanya mazoezi. Viti vya velveti vimechunika kwenye mikono, na mama mmoja alikuwa akipiga deki katikati ya safu bila kujali kama fidla zinalia au zinacheka. Basuni siku hizi inapulizwa na dada mwembamba sana. Alipoanza ule mwanzo nikakuona wewe. Bwana Fimbo alinipa vidole viwili kunisalimia. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa treni?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Wafundishe kukaa." Basi, hayo tu.

Rasimu yangu ndiyo hii. Sehemu ya kwanza nimeiweka kama ulivyonishauri, na methali yako ipo. Sehemu ya pili nawaambia ni dansi ya watu wawili, lakini hesabu yake ni tano, kwa hiyo kila mara mguu mmoja unabaki hewani haujui utue wapi, na bado ni dansi nzuri. Sehemu ya tatu nawaambia ni maandamano yanayotokea mbali, yanakua, yanakua, mpaka yanapita mlangoni kwako na matarumbeta. Hapo nawaambia karibuni tusikilize, nashuka.

Meneja ameipenda. Amesema ya nne nisiiguse. Anasema mtu aliyechoka na wiki nzima hatoki kwake Jumapili kwenda kutafuta huzuni, na kwamba wakiambiwa mwisho wake ni wa kusikitisha, watatoka kwenda chooni wasirudi. Niwaambie tu sehemu ziko nne na wasubiri Bwana Fimbo ageuke.

Mama ndiye hadhira yangu. Nikitoka zamu ya asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda chake namsomea, naye ananikatiza, "Unaongea kama unauza sabuni." Bila yeye ningekwisha kukimbia.

Mpwa wako,
Chiriku

10 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Bomba limepona, sasa linavuja la bafuni. Mimi mzima.

Umetoka zamu ya asubuhi, yaani mchana, ukakaa ukingoni mwa kitanda cha Dada. Dada yangu kitandani mchana? Huyu aliyetoka hospitali siku ya pili baada ya kukuzaa wewe kwa sababu shuka zao hazikunyooshwa? Nimewahi kumwona ana homa kali na bado anapanga makabati. Ana nini?

Sitaki uharakishe kunijibu "hajambo". Hebu kwanza nikuambie jambo ambalo huenda hukuambiwa sawasawa, maana lilikuwa kabla yako. Babu yako alipougua, mimi nilikuwa ziarani na okestra, mji mmoja hadi mwingine. Familia ikakaa kikao ikasema, tusimwambie Roho Juu, atatangulia yeye. Alipofariki wakasema, tumwache amalize ziara. Alipokwisha kuzikwa wakasema, tutamwambia akirudi. Mimi huko niliko nilikuwa namtumia babu yako kadi kila mji, kumtania kuhusu soksi zake za rangi mbili. Kadi zangu za utani zikawa zinafika nyumba yenye msiba. Mama yako ndiye aliyekuwa akizipokea mlangoni, na hakuwahi kuniambia alizifanya nini.

Hao watu wa mwaka jana waliopiga makofi na kuchukua mikoba, nawajua, Chiriku. Mimi ni mmoja wao. Hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewaambia kwamba bado.

Mmezoea kwamba mimi ni mwoga, basi mnanificha ili nitulie. Asiyeambiwa hatulii. Aliyeambiwa ana jambo moja la kuogopa, asiyeambiwa ana yote.

Sasa hotuba yako. Ni nzuri, lakini imekatika kichwa. Meneja huyo hajui anachokificha. Sehemu ya nne si adhabu ya kufurahia ile ya tatu. Ndiyo simfonia yenyewe. Hizo nyingine zilikuwa njiani kuifuata. Fidla zinaanza kama mtu anayetaka kusema neno na linamshinda. Inapanda mara moja, kwa nguvu zote, halafu inashuka, na mwishowe wanabaki wale wa selo na besi kubwa, zile fidla nene za sauti ya chini, wakivuta uta polepole mpaka hujui wameacha au bado wanaendelea. Waambie watu hivyo. Mtu akijua linalokuja hujiweka sawa kitini akalipokea. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia kwamba abiria hakasiriki treni kuchelewa, anakasirika kutoambiwa.

Nijibu yote mawili. Dada, na sehemu ya nne.

Mjomba wako

29 Machi

Chiriku,

Salamu tu, habari sina. Najua barua hutembea kwa miguu, lakini hii imekaa njiani kama imeoa huko. Nimemuuliza wa posta mpaka ananikwepa. Jana niliinua simu nikazungusha namba zenu zote isipokuwa ya mwisho, nikairudisha. Wahenga walisema mficha maradhi... sitaki kuimaliza kwa mkono wangu mwenyewe.

Andika hata mstari mmoja.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba mpendwa,

Salamu nyingi. Utanisamehe, barua zako zote mbili zimefika siku moja, posta ya huku siku hizi haieleweki. Sisi wazima. Kaka anakusalimu, gari lake liko gereji. Kibanda changu kimezibwa tundu, lakini sasa nasikia joto.

Mama ana mafua. Mafua mabaya ya msimu, yanamchosha, basi analala kidogo mchana. Hakuna la kukutoa pumzi.

Onesho ni Jumapili ya tarehe kumi na tatu. Juzi nilijaribu hotuba yangu kwenye chumba cha wafanyakazi, wakati wa chakula, mbele ya mkata tiketi wetu, mafundi wawili wa reli na mama wa usafi. Walinicheka nilipotaka wacheke. Kwenye ile dansi ya tano mama wa usafi aliinuka akajaribu kuicheza na ufagio wake, na kweli mguu mmoja ukabaki hewani. Nikafika kwenye maandamano, matarumbeta, kishindo. Nikanyamaza. Mkata tiketi akaniuliza, "Halafu? Si umesema ziko nne?" Nikamjibu muda umekwisha. Akatazama saa ya ukutani, akanitazama, akaendelea kula.

Nilijaribu kuiandika hiyo ya nne. Nimejaribu kwenye karatasi za ofisi na nyuma ya ratiba za zamani. Naandika "Sehemu ya nne ni ya polepole," kalamu inasimama. Huenda meneja ana haki yake. Kuna mambo watu wakiyajua mapema yanawaharibia na hayo mazuri yaliyobaki.

Mjomba, tafadhali usiniulize tena kuhusu Mama. Niulize kuhusu simfonia tu.

Mpwa wako

8 Aprili

Mpwa wangu,

Sawa. Nakuuliza kuhusu simfonia tu.

Hiyo sehemu ya nne inaweza kuinuka yenyewe, au mpaka ishikwe? Inakula? Ina maumivu? Imebakiza muda gani?

Na imesema mimi nisiambiwe, au ni ninyi mmeamua?

Mjomba wako

14 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa kibandani, treni ya asubuhi imechelewa na nimekwisha kuwaambia.

Barua yako ilifika Jumamosi. Jana niliingia nayo ukumbini mfukoni mwa gauni. Nataka nikueleze yote kwa mpangilio, kwa sababu nikianzia mwisho sitaweza kuandika.

Watu walijaa mpaka wengine wakasimama ukutani. Wapo waliokuja na sare za kazi. Wa mwaka jana pia walirudi, si wote. Niliwajua kwa jinsi walivyokaa karibu na milango, tayari kukosewa adabu tena. Bwana Fimbo alikuwa nyuma ya pazia anasugua mikono, meneja kando yake. Nikapanda, nikasogelea kipaza sauti, na kinywa kikafanya kazi yake ya kila siku. Nikasema, "Abiria wapendwa."

Ukumbi ulicheka, Mjomba, mpaka wanamuziki wakacheka. Nilitamani sakafu initafune. Halafu mzee mmoja safu ya mbele akaitikia kwa sauti, "Leo imechelewa?" Wakacheka tena, na nikaona hawa ni watu wangu, nazungumza nao kila siku, ila tu sijawahi kuwaona nyuso.

Basi nikawatangazia simfonia kama treni. Nikawaambia itatoka kituoni polepole gizani, wasidhani imeharibika. Nikawapa methali yako. Nikawapa dansi ya mguu hewani. Nikafika kwenye maandamano, nikawaambia, "Sehemu ya tatu itaingia kwa kishindo kikubwa, na mtadhani tumefika. Mkitaka kupiga makofi pigeni, imeyastahili, na hakuna atakayewagombeza. Lakini msishuke. Bado sehemu ya nne."

Hapo ndipo hotuba aliyoiruhusu meneja ilipokuwa imekwisha. Nilimwona kwa pembe ya jicho ananionyesha kwa kidole nishuke. Mkono wangu ulikuwa mfukoni juu ya barua yako. Nikasema haya, nayakumbuka kwa sababu sikuwa nimeyaandika:

"Sehemu ya nne inasikitisha. Sitawadanganya. Haina ushindi ndani yake. Inapungua, inapungua, na mwisho mtakuwa mnatega sikio kama bado ipo. Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayepungua hivyo, mtaijua bila kuelezwa. Mimi sina dawa yake. Nawaomba tu tusiiache ipite peke yake."

Nikashuka. Meneja hakunitazama.

Yule dada mwembamba akaanza, chini kabisa, na sauti haikukwaruza. Kwenye ule mshindo waliruka vitini na methali yao, wakacheka kidogo kwa kujificha. Sehemu ya tatu ilipokwisha walipiga makofi, ndiyo, wote, kwa nguvu. Bwana Fimbo hakugeuka. Aliteremsha fimbo, akangoja mgongo wake ukiwa umenyooka. Makofi yakaisha yenyewe. Hakuna aliyegusa mkoba. Walijiweka sawa vitini, Mjomba, kama ulivyosema, nilisikia viti vyote vikilia kwa pamoja.

Sehemu ya nne siwezi kuieleza. Ilipofika kwenye selo na besi kubwa, mama mmoja mbele yangu alimshika mkono mtu wa kiti cha pili, na nadhani hawakuwa wakijuana, maana baadaye waliombana radhi. Ilipokwisha hakuna aliyejua imekwisha. Ukumbi mzima ulikaa hivyo hivyo. Halafu makofi yakaanza, taratibu, na Bwana Fimbo alipogeuka alikuwa analia bila kujifuta. Alipopita karibu yangu akasema, "Mwakani uje."

Wengine walikwenda kunywa chai. Mimi nilisimama kwenye korido ya nyuma, kati ya masanduku ya fidla, nikaona aibu kubwa. Watu nisiowajua majina nimewaambia. Wewe sijakuambia.

Hivyo nakuambia. Mama ana saratani ya ini. Tumejua tangu Novemba. Mwezi wa pili daktari alisimamisha dawa, alisema zinamchosha bure. Anainuka akishikwa. Anakula supu, vijiko vichache, akinywa zaidi inarudi. Maumivu yapo, usiku zaidi, na ana dawa yake. Daktari anasema ni miezi, na nilipomuuliza mingapi alianza kupanga kalamu zake. Barua zako hazikufika siku moja. Nilizificha chini ya mto wangu.

Ni yeye aliyesema usiambiwe. Aliniapisha. Alisema, "Kaka yangu atakufa kwa hofu kabla yangu, na mimi nataka yeye abaki." Nimevunja kiapo. Atanikasirikia sana, na wewe peke yako ndiye unayeweza kunitetea. Njoo.

Mpwa wako

18 Aprili

Chiriku mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara moja tu.

Nimekaa, nimelia, jirani amekuja akakaa nami bila kuniuliza, Mungu ambariki. Kisha nikapima presha kwa sababu nilidhani naondoka. Iko chini kuliko ilivyokuwa mwezi mzima. Nimepima tena kwa mashine ya jirani. Ni kweli.

Nakuja na basi la Jumatatu. Usimwambie Dada nakuja. Hapana, mwambie. Yametosha. Akikugombeza mwambie kiapo cha kunidanganya mimi hakihesabiki, aliona mwenyewe yaliyotokea mara ya kwanza.

Na hotuba yako. Nimepuliza basuni maisha yangu yote katika simfonia ile, na sikuwahi kumsikia mtu akiieleza hivyo. Sikuvishi kilemba cha ukoka.

Mjomba wako

9 Juni

Mjomba mpendwa,

Kama tulivyopatana kwenye kituo cha basi, habari mbaya kwanza, salamu baadaye. Mama hali supu tena, anakunywa maji kwa kijiko. Amepungua sana tangu uondoke. Analala sehemu kubwa ya siku, akiamka ana akili zake zote, na ulimi wake wote. Nesi anayekuja nyumbani anasema si muda mrefu. Hajasema siku, nami sikumuuliza tena.

Sasa salamu. Sisi tunakaa naye kwa zamu. Kaka anauza gari. Nami nimeombwa niwajulishe watu simfonia nyingine mwezi wa tisa. Meneja alikuja mwenyewe kibandani kuniambia, na safari hii hakuniambia nisiguse wapi.

Wiki zile tatu ulizokaa hapa zilikuwa kelele tupu, na Mama anazitamani. Jana alisema, "Bora nilimfukuza, alikuwa ananihesabia pumzi kama karani." Kisha akaniuliza kama umefika salama, na karibu mwezi umepita tangu ufike. Nilimwambia ndiyo. Nimemwambia pia kwamba simu umeihamishia kwenye kiti karibu na kitanda chako na kwamba utaipokea ikilia. Hakuamini. Nikamwapia.

Anasema niandike hapa chini kwa niaba yake, maana kalamu inamteleza:

"Roho Juu, hapa kwangu si stoo. Njoo uchukue koti lako. Na ule vizuri."

Mpwa wako,
Chiriku

27 Juni, kituo cha basi

Chiriku mwanangu,

Naandika barua hii nikijua nitafika kabla yake. Basi halijaondoka, dereva anafunga mizigo, na mimi mikono yangu haiwezi kukaa bure. Utaipokea mambo yote yakiwa yamekwisha. Uisome hivyo hivyo.

Simu ililia leo nikiwa nanyoa ndevu. Nilijua. Miaka yote nilikuwa nikidhani siku hiyo ikija nitaanguka pale pale. Nilifunga bomba, nikafuta povu shavu moja, nikaenda nikaipokea. Ukaniambia, "Mjomba, Mama amekwenda, sasa hivi tu. Nilikuwa nimemshika mkono." Hukuzunguka, hukuniuliza kama nimekaa. Nikakuuliza kama alipata maumivu, ukasema hapana, alikuwa akivuta pumzi kidogo, kidogo, na hukujua ni ipi ilikuwa ya mwisho. Ukalia, nami nikalia, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Halafu nikakuuliza swali ambalo hata mimi sikujua nimelibeba tangu alipokufa baba yangu. Nilitaka kujua mimi ni wa ngapi. Nikakuuliza ndugu wengine wameipokeaje habari, kaka yako, majirani, wale wa ukoo. Ukanijibu, na sauti yako ilikuwa chini sana, "Bado hawajui, Mjomba. Nimeanza na wewe."

Mjomba wako